Nilivyoingizwa Chumba cha Habari

Picha nilizopigwa maishani ni nne. Tatu nilikaa kitini, nikajitanda kanga mpya, nikatazama mbele kama mtu anayengoja kudungwa sindano. Ya nne nilipigwa nikiwa juu ya dungu, mikono hewani, mdomo wazi mpaka gego la mwisho linaonekana. Hiyo ndiyo iliyotaka kuninyang'anya shamba.

Majina ya wote waliohusika ninayo, na ya baba zao pia. Mtu akinipa asubuhi moja nitamtajia waliokuwa ndani ya boti na kila mmoja alikaa wapi. Ila hapa sitaandika hata moja. Nimeshaona jina la mtu linavyotembea likishaandikwa, linafika redioni, linafika wilayani, na mwenyewe yuko nyumbani anapepeta mchele.

Ilikuwa miaka ile ya wawekezaji. Kabla yake tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni kwenye duka la ushirika. Halafu mambo yakafunguliwa, sabuni ikajaa, na watu wa kuja kututazama huku delta wakajaa vilevile. Kila boti ya faiba iliyopita ilikuwa na mwekezaji ndani. Mmoja alitaka mikoko, mwingine alitaka kaa, mwingine alitumbukiza kamba ya kupimia maji, akaandika, akaondoka, mpaka leo hatujui maji yetu yalikuwa na shida gani. Kampuni hii ninayoisema ilitaka kamba wa kuliwa. Kamba hawakawii kuoza, kwa hiyo ikataka kujenga nyumba ya barafu, na mbele yake gati la boti.

Mahali walipopapenda ni kwangu. Shamba langu la mpunga liko pale mto mdogo unapokunja, penye kina, hata maji yakupwe namna gani boti haikwami. Alililima bibi yangu, akalilima mama, na mimi baada ya mume wangu kufariki nililima hilohilo, sina jingine. Mpunga wa pale ndio tuliokula mwaka mzima. Sikuwa nimeulizwa na mtu kama nalitoa, na ningeulizwa ningesema sitoi.

Sasa nieleze kuhusu ndege, maana bila ndege habari hii haieleweki.

Mpunga ukiwa katika maziwa, kwelea wanashuka kama wamealikwa. Unajenga dungu, kibanda juu ya miti minne, unapanda humo alfajiri na kombeo lako, unapiga kelele mpaka jua lizame. Kelele tupu inachosha. Kwa hiyo sisi wanawake wa bondeni tuna desturi yetu: tunawapa ndege majina ya watu waliotuudhi mwaka ule, tunawatukana hao. Ndege wanaruka na moyo unapoa. Kesho ukikutana na mtu kisimani unamwamkia kwa adabu kabisa, kwa kuwa yako yote umeshayamalizia shambani. Na matusi yenyewe tunayatoa kwa Kindengereko. Kiswahili tunakiweka kwa kuombea vitu.

Mwaka ule ndege wengi nilikuwa nimewapa jina la mtani wangu. Huyu ni Mmatumbi, wazee wake waliteremka kutoka milimani, na ukoo wao na wetu ni watani wa kuzikana. Kwetu akifa mtu, wao ndio wanaochimba kaburi, na huku wanachimba wanamsema marehemu kwamba alikuwa mchoyo wa tambuu, na hakuna ruhusa ya kununa. Wakifa wao, zamu yetu. Kosa lake mwaka ule ni kwamba kwenye msiba wa shangazi yangu alijifunga kanga za marehemu, akapita katikati ya waombolezaji kwa mwendo wa marehemu, anauliza kama kuna mwanamume yeyote aliyekuja kumposa. Watu walicheka msibani mpaka sheikh akageuka ukutani. Mimi mwenyewe nilicheka. Lakini nilimwekea deni.

Basi siku moja nipo juu, ndege wamechachamaa, boti ya kampuni ikaingia mto mdogo. Ndani mlikuwa na nahodha, na mtani wangu ambaye walimchukua awaonyeshe njia, na bwana mmoja mwenye viatu vyeupe na kamera shingoni. Huyu wa kamera tulikuja kumwita Bwana Habari, kwa sababu kazi yake kwenye kampuni ilikuwa hiyo, kuandika habari zao. Alikuwa mtu wa bara, Kiswahili chake kizuri cha shule, lakini Kindengereko hakijui hata neno la salamu.

Mtani alinisikia kabla hajaniona. Alisikia jina lake, likafuatiwa na habari za magoti yake, na za babu yake, na za namna anavyokula kwenye karamu. Yaliyosemwa ndani ya boti alinisimulia yeye mwenyewe baadaye, tena kwa kujidai.

"Mama yule anasema nini?" Bwana Habari akamuuliza.

"Anashangilia."

"Anashangilia nini?"

"Kampuni. Anasema karibuni wageni wetu, mmechelewa. Anasema shamba hili lichukueni lote, yeye amechoka kukaa juu ya miti kama tumbili."

"Shamba ni lake?"

"Lake mwenyewe."

"Na wewe ni nani yake?"

Mtani akakohoa kidogo. "Mimi ni msemaji wao."

Mimi huku sijui hili wala lile. Nilichoona ni kwamba mngurumo wa boti umewarusha ndege wote wa ng'ambo, wanakuja kwangu kama wingu. Nikainua mikono yote miwili, nikapanua mdomo, nikatoa ukelele wa kufa na kupona. Hapo ndipo nilipopigwa. Kisha yule bwana akanipungia mkono. Nikafunga donge la udongo kwenye kombeo nikamrushia, likaanguka majini karibu na boti. Mtani akamwambia hiyo ndiyo heshima yetu kwa wageni wakubwa.

Wakaenda zao. Mpunga ukaiva, nikavuna, nikasahau.

Binti yangu mkubwa wakati ule alikuwa Dar es Salaam, anapiga chapa kwenye ofisi moja iliyokuwa imeingiza intaneti. Alikuja kwa siku tatu, nimeshaanika mpunga. Hakuvua hata viatu. Akatoa karatasi kwenye mkoba.

"Mama, umewapa watu shamba la bibi?"

"Nimewapa watu gani?"

Akaikunjua karatasi juu ya mkeka. Ni mimi. Kusoma najua kwa taabu, nilisoma kisomo cha watu wazima nikafika pale pa kuandika jina langu na kusoma alama za barabarani. Jina langu nikalitafuta nikaliona, ila herufi ya mwisho walikuwa wameikosea, nikawa mwanamume. Binti akanisomea yaliyobaki. Mkulima wa delta akishangilia ujio wa kampuni. "Karibuni, mmechelewa," alisema, akiwa amejaa furaha. Alisema yuko tayari kutoa shamba lake lote kwa maendeleo. Na chini, msemaji wa wakulima, jina la mtani wangu hilo limeandikwa sawasawa bila kosa, akathibitisha kwamba wanakijiji wote wana msimamo huohuo.

"Haya yameandikwa wapi?"

"Kwenye Chumba cha Habari cha kampuni. Ni mahali pao kwenye intaneti. Wanaandika habari zao wenyewe, wanajisifu, wanatia na picha. Mwandishi wa gazeti akitaka habari anaingia humo, anachukua."

"Anachukua bila kuja kuuliza?"

"Ndiyo raha yake, mama. Hachoki."

"Huko chumbani nimekaa na nani?"

"Hukukaa na mtu. Ni picha tu."

"Na mlango wake uko wapi?"

"Hakina mlango. Mtu yeyote duniani anaweza kuingia."

Nikaitazama ile picha tena, gego langu la mwisho limemulikwa na jua. Mtu yeyote duniani. Nikamwambia anipe kanga niikunjie humo.

Jioni nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Nilimkuta na barua kutoka wilayani kwamba afisa ardhi atakuja, mkutano mkuu utaitishwa, shamba lipitishwe, kwa kuwa mwenyewe amekwisha kuridhia.

"Mwenyewe ni mimi," nikamwambia, "na sijaridhia."

"Dada, usinichanganye. Redio imesema umeridhia."

"Redio imenisikia wapi?"

"Na gazeti limesema. Magazeti mawili. Nimeyaweka." Akayatoa chini ya godoro. "Maneno ni yaleyale, hata vituo vyake. Watu watatu watasemaje uongo mmoja?"

"Wamechota kisima kimoja, shemeji. Maji yatakosaje kufanana?"

Akatikisa kichwa. Akasema yeye hana elimu ya kubishana na gazeti, na kama nimebadili mawazo niende nikabadilishe kulekule nilikoyasema. Nikamjibu nilikoyasema ni juu ya dungu. Akasema basi.

Nikatoka hapo moja kwa moja kwa mtani. Nilimkuta barazani amevaa fulana ya kampuni na kofia ya kampuni. Tangu habari isomwe redioni watu walikuwa wanamwita Msemaji, na yeye ameanza kukohoa kabla ya kuitikia salamu.

"Mtani, umeniuza."

"Nimekuuza? Nani angekununua, na meno yale?"

"Shamba litakwenda."

"Litakwenda wapi, shamba lina miguu? Wewe ulinitukana mbele ya wageni, mimi nikakusifu. Mbaya nani hapo?"

"Nenda kwa mwenyekiti ukaseme ulikuwa utani."

Akakohoa. Akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena. Akasema mambo ya msemaji si ya kusema leo hivi na kesho vile, watu watamdharau. Akaniambia ningoje mkutano, pengine wenyewe watasahau.

Nilimwelewa. Alikuwa anaogopa. Cheo alichokipata kwa uongo kilikuwa kinamkaa vizuri kuliko chochote alichowahi kuvaa. Na mimi kumkasirikia siwezi, kumshitaki kwa wazee siwezi, mtani hashitakiwi. Mtani analipwa.

Kesho yake nikajitanda buibui langu, nikapanda boti mpaka Nyamisati, toka Nyamisati nikapanda lori la mkaa mpaka Bungu, vumbi likanibadilisha rangi, na toka Bungu nikapata gari la Kibiti. Ofisi ya kampuni ilikuwa chumba kimoja mkabala na duka la mbolea. Ndani alikuwamo karani, mwanamke wa makamo mwenye miwani, na mbele yake simu ya upepo inayokoroma.

"Nimekuja kujitoa," nikamwambia.

"Kujitoa wapi, mama?"

"Kwenye chumba chenu."

"Vyumba hatupangishi, mama. Gesti iko nyuma ya kituo cha mafuta, nzuri, ina choo cha ndani."

"Chumba cha Habari."

"Ohoo. Hicho hakipo hapa. Kipo kwenye mtandao."

"Mtandao ni kijiji cha wapi? Nina nauli ya kufika Ikwiriri tu."

Yule mama akavua miwani. Alikuwa mtu mwema, alitaka kweli nielewe. "Si kijiji. Ni kama... utando wa buibui, unaujua?"

Nikajitazama. "Buibui langu lina vumbi la Bungu, nakiri. Utando halina."

Akacheka mpaka akaniletea maji. Nikakunjua karatasi, nikamwonyesha picha, nikamweleza. Aliitazama picha, akanitazama mimi, akaitazama tena. Akasema anasikitika, lakini habari ikishaingia kwenye kile chumba haitoki. Kinachowezekana ni kuweka mpya juu yake, ile ya zamani ikasukumwa chini.

"Na mpya mnazo?"

"Hatuna, mama. Na Dar kila siku wananikorofisha kwa hii simu. Wanataka habari njema za wananchi. Kila wiki iingie moja. Mimi hapa Kibiti nitazitoa wapi?"

Nilimwona alivyo. Ni kama mtu aliyekaribisha wageni, chungu hakina kitu. Na mimi nilikuwa nimekaa kwenye lori la mkaa tangu asubuhi nikifikiria namna ya kumlipa mtani, sikupata. Sasa imekuja yenyewe.

"Ninayo moja," nikasema. "Tena njema."

Akavaa miwani, akachukua kalamu.

Nikamwambia kwamba yule msemaji wa wakulima, baada ya kuona mfano wangu, naye ameona haya kubaki nyuma. Ametoa nyumba yake iwe ofisi ya kampuni. Ametoa minazi yake yote iliyo nyuma ya nyumba ikatwe ili boti za kampuni zipate pa kuanikwa. Ametoa na kitanda chake cha samadari, alichoachiwa na babu yake, wageni wa kampuni wakija wakilalie. Yeye na mkewe watalala jikoni, kwa furaha.

Karani aliandika mpaka pale pa kitanda, akasimama. "Mwenyewe amekubali?"

"Amekubali kama nilivyokubali mimi."

Akanitazama kwa juu ya miwani kwa muda. Nadhani alielewa. Nadhani pia alikumbuka kwamba wiki ile hana habari. Akageukia simu ya upepo, akaanza kusoma, kila sentensi ikiisha anasema "ova." Kufika kwenye kitanda, mtu wa Dar hakusikia, ikabidi arudie mara tatu, "samadari, samadari, sa kwa sabuni," na duka la mbolea zima wakawa wamesogea kusikiliza.

Nilirudi nyumbani. Hazikupita wiki mbili wakaja mafundi wa kampuni na futi ya kupimia na kopo la rangi. Hawakuja kwangu. Walikwenda kwa mtani, wakapima chumba hadi chumba, wakapima jikoni, wakahesabu minazi, kila mnazi wakaupaka alama nyekundu. Mmoja wao akaomba aonyeshwe kitanda.

Mtani alikuja kwangu bila kofia.

"Mtani, umenimaliza."

"Nimekumaliza vipi? Umewekwa chumbani, umekaa pazuri, pengine na picha yako umevaa fulana ile."

"Mke wangu ameondoka. Yuko kwao tangu asubuhi."

"Si mmekubaliana kulala jikoni kwa furaha? Imeandikwa."

"Nani kawaambia haya?"

"Msemaji wa msemaji."

Akakaa chini kwenye kinu kilicholala. Alitaka kununa, akakumbuka hairuhusiwi, uso wake ukabaki katikati. Mwisho akacheka, kicheko chembamba. Akaniuliza anifanyie nini. Nikamwambia siku ya mkutano asimame, aseme yote, na atakapoulizwa kutafsiri atafsiri kweli.

"Kutafsiri nini?"

"Utaona."

Siku ya mkutano watu walijaa uwanja wa shule. Afisa ardhi alikuja, mtu wa makamo mzaliwa wa Mohoro, na Bwana Habari alikuja na kamera yake na viatu vyake vyeupe, matope ya mtoni yameshaanza kuvionea. Mwenyekiti akafungua, akasema ajenda ni kupokea kwa shukrani ardhi iliyotolewa na wananchi wawili.

Mtani akanyoosha mkono. Hakukohoa. Akasema hakuna aliyetoa kitu, ule ulikuwa utani.

"Utani upi," Bwana Habari akauliza, "wa shamba au wa nyumba?"

"Wote. Wa shamba ni wangu kwake, wa nyumba ni wake kwangu."

"Lakini wa shamba nilisikia mwenyewe kwa masikio yangu. Mama alikuwa anapaza sauti, mikono juu. Nina picha."

Afisa ardhi alikuwa ameshainamisha kichwa, mabega yanatikisika kwa kicheko. Mtu wa Mohoro, haya mambo anayajua. Akajifuta macho na leso, akajikaza, akasema mkutano ni wa serikali na lazima ushahidi utolewe. Akanigeukia.

"Mama, siku ile juu ya dungu ulikuwa unasema nini?"

"Yako mengi, mwanangu."

"Yarudie. Kama ulivyoyasema. Na huyu aliyetafsiri kwanza atafsiri tena."

Nikasimama. Niliona aibu, kwa kuwa matusi ya dungu hayasemwi kwenye ardhi tambarare. Lakini lilikuwa shamba la mama yangu. Nikainua mikono kama siku ile, nikapanua mdomo, nikaanza. Wanawake wote wa bondeni wakashika vinywa. Kipande cha kwanza kikaisha, watu wote wakamtazama mtani.

"Anasema... ondoka," mtani akasema.

"Amesema maneno mengi kuliko hayo," afisa ardhi akamwambia.

Mtani akatazama chini. "Anasema ondoka wewe, akataja jina langu, mwenye magoti kama ya ngamia aliyepiga goti jangwani akasahaulika."

"Enhe."

"Anasema babu yako hakuteremka mlimani kwa kupenda bonde. Walimchoka kule."

"Endelea, mama."

Nikaendelea. Mtani akatafsiri, sasa ameshakubali yaishe, sauti imepanda. "Anasema unakula kama unafukuzwa. Anasema sahani ya mwenzio ukiiacha haina haja ya kuoshwa. Anasema hata kwenye harusi yako mwenyewe bwana harusi alitafutwa, ukaonekana jikoni unakwangua ukoko."

Uwanja mzima ulikuwa chini kwa kicheko. Nikaingia kipande cha pili, na hicho kinaanza na jina la mwenyekiti. Nililitaja tu jina.

"Nadhani inatosha," mwenyekiti akasema, amesimama. "Tumeelewa wote."

"Haitoshi," afisa ardhi akasema.

"Inatosha, bwana mkubwa. Mimi kama mwenyekiti nathibitisha mama alikuwa anafukuza ndege."

Bwana Habari alikuwa ameacha kuandika tangu kwenye ngamia. Kalamu iko hewani. Akaniuliza taratibu, kwa adabu, na mimi nikamhurumia kidogo: "Na lile donge la udongo, mama?"

"Lile lilikuwa lako, mwanangu."

Afisa ardhi akakunja makaratasi. Akasema yeye amekuja kupitisha ridhaa, na hapa alichosikia ni matusi ya ndege, wilayani hakuna fomu ya matusi ya ndege. Akaniuliza mara moja tu, kwa Kiswahili, mbele ya watu wote, kama natoa shamba. Nikasema sitoi. Akamwambia karani wa kijiji aandike neno hilo moja. Nyumba ya mtani ikafutwa kwenye orodha papo hapo, ingawa alama nyekundu za minazi hazikufutika na mvua mbili zilizofuata, na mkewe alirudi pale tu alipoahidiwa kwamba fulana ile haitavaliwa tena ndani ya nyumba.

Nyumba ya barafu wakaijenga ng'ambo, mahali pasipolimwa.

Niliporudi shambani msimu uliofuata, binti yangu alikuja tena kunitazama, na karatasi nyingine mkobani. Alinipandia mpaka juu ya dungu. Kampuni ilikuwa imeweka habari mpya kwenye chumba chake, na safari hii waliandika kwamba inawajali wakulima wadogo, imesikiliza sauti zao, imewaachia ardhi yao. Herufi ya jina langu wameirekebisha, nikarudi kuwa mwanamke. Picha ni ileile. Mikono juu, mdomo wazi, gego. Chini yake binti akanisomea: mkulima wa delta akishangilia uamuzi wa kampuni kumwachia shamba lake.

Nikaitazama kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Kwa kweli nilionekana mtu mwenye furaha.

"Na mtani yuko wapi humu?" nikamuuliza.

"Wamemtoa. Hayumo hata mstari mmoja."

Nilimpelekea habari hiyo mwenyewe, na nakwambia ndiyo iliyomuuma kuliko alama za minazi.

Mpunga mwaka ule uliingia maziwa mapema, na kwelea wakaja mapema vilevile. Wengi wao niliwapa jina la Bwana Habari, ambalo ni jina zuri la kupigia kelele, lina silabi ndefu. Boti ikisikika kwa mbali nilikuwa nashusha mikono, nafunga mdomo, nakaa kimya mpaka ipite, na ndege katika muda huo wanafaidi kidogo. Ikishapita, nasimama tena.